Kwao Marehemu ni Wapi?

Sisi watu wa rika langu tulifundishwa kwamba kumwuliza mtu kabila lake ni utovu wa adabu. Hatukufundishwa hivyo na wazazi wetu, maana wao aghalabu waliuliza kabila kabla hawajauliza jina. Tulifundishwa na nchi. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanachuo aliyemtaja mwenziwe kwa kabila lake mbele ya mkufunzi aliweza kusimamishwa na kuambiwa aeleze ana maana gani. Basi tukabuni njia ya kuzunguka. Hatukuuliza, "Wewe kabila gani?" Tuliuliza, "Kwenu wapi?" Aliyeulizwa alifahamu anaulizwa nini, akajibu "Kwetu Bukoba" au "Kwetu Newala", na muulizaji akapata alichokitaka bila ya mtu yeyote kuvunja adabu.

Nataka kulitazama swali hilo. Si kwa sababu napenda kuchambua maneno, ingawa walimu wastaafu tuna ugonjwa huo. Ni kwa sababu katika maisha ya jiji letu liko jambo moja ambalo haliwezi kwenda bila ya swali hilo kuulizwa, nalo ni msiba. Mtu anapofariki mtaani kwetu Mwenge, turubai likishafungwa na viti vikishashushwa, wanaume hukusanyika pembeni na mmoja wao huuliza kwa sauti ya chini, "Kwao marehemu ni wapi?" Jibu ndilo litakaloamua kila kitu: kama tutazika leo kabla ya jua kuchwa au baada ya siku tatu, kama tutakwenda makaburini kwa miguu au tutatafuta gari la kwenda mkoani, itahitajika fedha kiasi gani, na ni nani atakayekuwa na kauli ya mwisho. Mtu anaweza kuishi miaka arobaini katika jiji hili bila ya kabila lake kumhusu jirani. Akifa, linawahusu wote.

Dar es Salaam haikuanza kuwa mji wa watu wote. Wakoloni waliugawa: Uzunguni kuelekea baharini, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo na Ilala, na baina yao uwanda mtupu wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi. Walakini ndani ya fungu lile la Waafrika hapakuwa na sheria ya kutenga kabila na kabila, na nadhani hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko walivyodhani wakoloni wenyewe. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Mwenye nyumba alikuwa Mzaramo au Mmanyema, wapangaji wake walikuwa Mnyamwezi, Mndengereko, Mluguru, Myao. Waligawana choo, kisima na jiko. Bwana J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji katika miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, alieleza jinsi mgeni alivyofikia kwa ndugu yake au kwa mtu wa kwao. Naam, alifikia kwa mtu wa kwao; lakini alfajiri alipotoka kunawa uso alikutana uani na watu wasio wa kwao, na ilimbidi ajifunze namna ya kuwasalimu.

Wakati huo vilikuwapo vyama vya makabila vingi, na kazi iliyoviweka hai vyama vile, hata pale ambapo wakubwa wao walipenda kuzungumza siasa, ilikuwa kuzikana. Kijana aliyekuja mjini kutafuta kibarua hakuogopa njaa peke yake. Aliogopa kufa na kutupwa kama mzoga. Uhuru ulipokuja, serikali haikuvipenda vyama hivyo, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kabisa. Watoto wa shule za bweni wakapelekwa mikoa isiyo ya kwao, vijana wakapelekwa Jeshi la Kujenga Taifa, na sisi walimu tukahamishwa kama mbegu zinazopeperushwa na upepo. Mimi Mngoni nimefundisha Usukumani, Ugogoni na Upareni kabla sijafika pwani. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila la mtu. Mwaka huo Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa, na hakuna anayeweza kusema kwa takwimu ni wangapi kati yao ni Wahaya au Wamakonde. Serikali iliacha kuuliza. Sisi hatukuacha.

Ukitaka kuona jambo lenyewe, njoo kwetu. Hapa pana soko la vinyago, ambapo Wamakonde, wengi wao wazee wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge, walijipatia jina duniani kwa mpingo na patasi. Leo wachongaji si Wamakonde peke yao, na Mmakonde mwenyewe utamkuta akichonga Mmasai mwenye mkuki, kwa sababu ndiye mtalii anayemtaka. Mmasai halisi amekaa hatua chache kutoka hapo, anasuka nywele za akina dada. Mwenye duka la pembeni anaitwa Mangi. Mangi ni cheo cha mtawala wa Uchagani, lakini huyu ni Mkinga kutoka Makete, wala haoni ajabu kuitwa hivyo. Kijana anayepita na mikanda begani ni machinga. Wamachinga ni watu wa Lindi. Vijana wa huko walipojaa mjini na bidhaa mikononi jina la kwao likawa jina la kazi, na sasa Msukuma ni machinga, Mgogo ni machinga, na hata serikali inatumia neno hilo katika shughuli zake. Na ukivuka kuelekea barabara ya Bagamoyo, uko Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa zikapangwa vizuri, kila moja na kibao chake, na hakuna anayelala ndani. Huwa najiuliza mgeni anajifunza zaidi wapi, kule kwenye vibao au huku ambako Mangi si Mchaga.

Lakini nisije nikapotea katika mapambo. Nilisema msiba.

Mtaani kwetu tuna mfuko wa kufa na kuzikana. Si wa kabila wala wa dini. Kila nyumba hutoa kiasi kilekile kila mwezi, na anayefiwa hupewa kiasi kilekile, pamoja na turubai, viti, masufuria na watu wa kukesha naye. Miaka michache iliyopita alifariki jirani yetu mmoja, Mhaya, na mjane wake akataka mwili usafirishwe hadi Muleba, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Chama chao cha watu wa nyumbani kilitoa sehemu ya gharama, lakini fedha hazikutosha. Akaomba mfuko wa mtaa ulipe gari. Kamati ikakaa usiku uleule, nami nilikuwamo.

Akasimama mzee mmoja wa Kizaramo, mtu mtaratibu sana. Akasema, "Mimi nimechanga tangu mfuko huu uanze. Nikifa, nitazikwa siku hiyohiyo: sanda, ubao na ubani, basi. Ninyi mnataka nilipie safari ya mtu kurudi kwao. Je, mimi nikifa mtanilipia nini ambacho ni sawa na hicho?" Watu wakanyamaza, maana hoja ilikuwa nzito. Ndipo mama mmoja, Mpare, akajibu, "Mzee wangu, wewe umebahatika kufia kwenu. Sisi wengine tunafia kazini."

Sijasikia suala la makabila mengi katika jiji likielezwa vizuri kuliko walivyolieleza watu hawa wawili kwa maneno machache. Tumezoea kudhani kwamba tatizo la makabila ni chuki, na kwamba palipo na upendo pana suluhu. Usiku ule hapakuwa na chuki hata chembe. Palikuwa na upendo, na bado palikuwa na tatizo: watu waliotoa sawa, wenye desturi zisizo sawa, wanawezaje kutendeana haki? Ukimpa kila mtu kiasi kilekile, umewatendea sawa kwa fedha, lakini mmoja amefika kaburini na mwingine amekwama chumba cha maiti. Ukimfikisha kila mtu anakotakiwa kufika, umewatendea sawa kwa lengo, lakini mwenye desturi ya gharama ndogo anageuka mlipaji wa wenye desturi ya gharama kubwa. Aristotle alikwisha kutofautisha zamani usawa wa kuhesabu na usawa wa kulinganisha. Ila Aristotle hakuwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mazishi.

Mimi nilisema, na mpaka leo nasema, kwamba mfuko usilipe safari. Sababu yangu si ubahili. Mtaa una deni kwa kila mkazi wake, na deni hilo ni lile ambalo kila mkazi anaweza kulitazamia: kwamba hatakufa peke yake, nyumba yake haitakosa watu, mjane hatapika, na maiti hatakosa sitara. Kumrudisha mtu kwenye migomba ya babu yake ni jambo la heshima, lakini ni deni la wale wanaodai kwamba yeye ni wao. Wakimdai, na wamlipie. Tukianza kulipa madeni ya kila desturi kwa mfuko mmoja, itatubidi tuanze pia kuzipima desturi, ipi ya lazima na ipi ya fahari. Na siku kamati ya mtaa itakapokaa kupima desturi ya Wahaya na ya Wazaramo, siku hiyo tumepanda mbegu mbaya.

Kamati iliamua hivyo. Kisha ikazungushwa kofia, na mzee wa Kizaramo akawa wa kwanza kutia. Akasema wazi, ili wote wasikie, kwamba anatoa mfukoni mwake, wala si katika mfuko. Wapo waliodhani anajikosha. Mimi naona alikuwa akituonyesha mpaka. Jambo analodaiwa mtu ni moja na jambo analolitoa ni jingine, na ukimlazimisha kutoa kile ambacho angekitoa kwa hiari umemnyang'anya nafasi ya kuwa jirani.

Walakini msimamo wangu una upande ambao ni lazima niutazame. Wenye vyama vya nyumbani vyenye nguvu wana mahali pa kukimbilia. Wachaga wana vyama vyao, Wahaya wana vyao, na mwisho wa mwaka utaona jiji linavyopungua watu wanaopanda kwenda Kilimanjaro. Vipi mtu asiye na wa kumdai? Pale sokoni alikuwapo mchongaji mmoja mzee, aliyezaliwa upande wa Msumbiji, akaja huku kijana, akachonga mpaka macho yakafifia. Hakuwa na mke wala mtoto aliyejulikana. Alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu na mchango wa mfuko alikuwa akiutoa kwa kusuasua. Alipofariki tuliuliza lile swali letu, "Kwao ni wapi?" na hakuna aliyeweza kutaja hata kijiji. Basi hapakuwa na mjadala. Mtaa ulilipa kila kitu, ukamzika, na kiasi kilichotumika kilizidi kile ambacho kanuni inaruhusu. Wala hakuna mtu aliyesimama kuhoji, hata yule mzee wa Kizaramo. Nimeufikiria sana ukimya ule. Nadhani ulitokana na jambo ambalo sote tulilijua bila ya kulisema: mtaa unadaiwa zaidi na yule ambaye hadaiwi na mwingine.

Wenzetu wa Nairobi walilipeleka swali hilo mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa Mjaluo, mkewe Wambui Mkikuyu, na walikuwa wameishi maisha ya mjini pamoja na watoto wao. Mjane alitaka kumzika katika shamba lao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda na kurudi miezi mitano, mwili ukingoja, na nchi nzima ikawa haina mazungumzo mengine. Hata mwanafalsafa, Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliitwa kutoa ushahidi. Ni mara chache falsafa kuitwa kizimbani katika jambo la kaburi. Hoja kubwa ya upande wa ukoo ilikuwa kwamba mtu aweza kuwa na nyumba mjini, tena nzuri, lakini nyumba si nyumbani. Ukoo ukashinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987.

Wengi waliiona hukumu ile kuwa ushindi wa kabila dhidi ya ndoa. Mimi inanisumbua kwa sababu nyingine. Kama ni kweli kwamba mjini hakuna nyumbani, kwamba hapa sote tuna nyumba tu, basi jiji zima ni kambi ya wasafiri, na hakuna anayepaswa kushangaa likitendewa kama kambi. Mtu hapandi mwembe kambini. Mtu hachimbi mtaro wa maji ya jirani mahali ambapo hata mifupa yake haitabaki.

Na tusiwacheke Wakenya. Tazama makaburi ya wakubwa wetu. Mwalimu Nyerere, ambaye alituzuia tusiulizane makabila, na ambaye mwaka 1995 alikemea hadharani ukabila uliokuwa ukiinua kichwa tena, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa Butiama. Alikuwa na nyumba Msasani, si mbali na hapa kwetu. Rais Mkapa alizikwa Lupaso mwaka 2020. Rais Magufuli alizikwa Chato mwaka 2021. Rais Mwinyi alifariki Dar es Salaam mwaka 2024 akazikwa Mangapwani, Unguja. Marais wote wanne waliokwisha kututoka walirudi kwao. Silisemi hili kwa kuwalaumu. Mtu ana haki ya kulala na wazee wake. Nasema tu kwamba nchi ilipoulizwa swali la msibani ilijibu kama Nyalgunga ilivyojibu. Jibu tofauti nililiona mwaka 2012, alipofariki kijana mwigizaji Steven Kanumba. Alikuwa mtu wa Shinyanga, Msukuma, na alizikwa Kinondoni, na umati uliojaa barabarani siku ile haukuwa umati wa Wasukuma. Wanafunzi wangu wa zamani waliniambia walilia kama waliofiwa na ndugu. Jiji lilimdai, likamzika.

Sasa nizungumzie utani, ambao naamini ndio dawa iliyotusaidia zaidi, kabla ya siasa yoyote. Bwana R. E. Moreau, ambaye kwa kazi yake alikuwa mtaalamu wa ndege kule Amani, Usambara, aliuona utani akavutiwa, akauandikia katika miaka ya 1940. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani kwa sababu ya misafara ya karne ya 19, iliyopita kwenda pwani na vipusa na kurudi na nguo. Sisi Wangoni ni watani wa Wahehe, kwa sababu tulipigana vita vikali hata tukachoka. Fikiria jambo hilo, msomaji. Watu waliouana wakaafikiana kwamba badala ya kusahau watakumbuka kwa kucheka, na kwamba atakayecheka ndiye atakayebeba jeneza. Maana mtani si mchekeshaji tu. Katika msiba ana kazi: anachimba, anapika, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, anamsema marehemu kwa ubahili wake mbele ya watoto wake. Nilipofiwa na dada yangu hapa Mwenge, mtani wangu Mhehe alifika alfajiri, akavaa kanzu yangu, akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ndiye mwenye nyumba, nami sikuweza kujizuia kucheka siku ambayo sikutarajia kucheka.

Utani haukatazi swali la kabila. Unaliuliza kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Lakini tazama kinachofuata baada ya jibu. Mtani akishajua wewe ni nani, anajitwika mzigo wako. Mtu wa ofisini anayemwuliza mwombaji kazi, "Kwenu wapi?" akishajua, anagawa mkate. Swali ni moja, na adabu yake ni ileile, lakini la kwanza linafungua deni na la pili linafunga mlango. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba neno kabila lenyewe ndilo sumu, wala sikubaliani na vijana wanaosema kwamba siku hizi halina madhara. Angalia kinachogawiwa pale linapotajwa. Kama ni kazi, nafasi ya shule, kiwanja au kura, afadhali lisitajwe kabisa. Kama ni kuchimba kaburi, na litajwe.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha mwaka 2004 uchunguzi wake juu ya Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu. Aliona kwamba upande wa Kenya vijiji vyenye makabila mengi vilishindwa kuchangia shule zao kama vile vyenye kabila moja, na upande wa Tanzania mchanganyiko haukuleta tofauti hiyo. Miaka mitatu baadaye Mmarekani mwingine, Robert Putnam, akasema kwamba katika nchi yake mitaa yenye mchanganyiko mkubwa watu hujikunyata kama kobe, hawamwamini hata aliye wa kabila lao. Tukisoma hayo tunafurahi na kujisifu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, zaidi ya watu 1,000 waliuawa, jirani akimtoa jirani katika nyumba. Na sisi tukasema, ahsante Mungu, kwetu hakuna. Mimi ni miongoni mwa wanaoshukuru. Lakini nina mashaka mawili, na yote nimeyapata papa hapa.

La kwanza ni kwamba umoja wetu una watu ambao haukuwahi kuwafikia. Jirani Mhindi, ambaye babu wa babu yake alishuka pwani hii, ukimwuliza "Kwenu wapi?" akakujibu "Dar es Salaam", unacheka, unauliza tena. Hana mtani. Nyumba nyingi za Wahindi zilitaifishwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata wenzao wa Uganda walifukuzwa na Idi Amin. Na waliobaki hapa wakajifunza kuzika au kuchoma maiti wao bila ya kutusumbua. Katika miaka yangu yote ya Mwenge nimehudhuria msiba wa Kihindi mara mbili tu, na mara zote mbili tulikaa karibu na mlango. Mzaramo wa Leslie alikutana na Mnyamwezi uani. Na huyu tungekutana naye uani gani?

La pili ni ukuta. Mtu anaweza kuishi vizuri na makabila yote kwa sababu amejifunza kuishi nayo, au kwa sababu hamhitaji yeyote. Vuka barabara uingie Mikocheni uone: ukuta, geti, mlinzi, mbwa. Huko hakuna ukabila. Hakuna hata salamu. Siku hizi hata kwetu Mwenge mtu akijenga ghorofa anaanza na ukuta, na mfuko wa kuzikana anautumia fedha kwa simu bila ya yeye mwenyewe kuonekana. Mchango umefika, mtu hakufika. Naogopa kwamba siku moja tutajisifu kuwa hatuna makabila kumbe tumebaki bila ya mitaa.

Na watoto? Mke wangu ni Mluguru wa Mgeta. Kwa Wangoni mtoto ni wa ukoo wa baba, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo wanangu wana kwao kuwili, na pande zote mbili zinawadai kwa nguvu wakati wa harusi. Jirani yangu mambo ni kinyume: mume Mluguru, mke Mpare. Upande wa baba husema mtoto ni wa kwa mama, na upande wa mama husema mtoto ni wa kwa baba. Ukizifuata sheria za mababu sawasawa, watoto wale wanne, wazuri, wenye akili, hawana kwao popote duniani isipokuwa nyumba ile yenye bati jekundu nyuma ya stendi. Mkubwa wao nilipomwuliza kwao ni wapi alinitazama kama mwalimu aliyesahau somo, akasema, "Babu, si hapa?"

Mimi nimekwisha kuwaambia wanangu kwamba nikifa wanizike hapa hapa jijini, hata kama Kinondoni pamebanana na itabidi kwenda mbali zaidi. Songea ni karibu kilomita elfu moja, na watu watakaonifungia turubai wako hapa. Wanangu walinyamaza. Mke wangu alisema hilo ni langu, yeye atarudi Mgeta. Kisha nikamwandikia barua mdogo wangu, aliyebaki kwenye kihamba cha baba karibu na Peramiho, ambaye tangu miaka mingi anasafisha nyasi mahali palipoachwa wazi kando ya kaburi la mama. Alipoipata akanipigia simu usiku.

"Kaka," akasema, "nani amekuudhi huku nyumbani?"

Nikamwambia hapana, sijaudhiwa na mtu.

Akakaa kimya kidogo, akasema basi nisizungumze na watu wengine kwanza, yeye atakuja Desemba tuliongee.